Barua ya Chuo Si Kibali: Siku Nane Zilizonigharimu Kazi Marekani

Ijumaa ya tarehe 16 Juni 2023, jioni, nilikuwa jikoni nakatakata vitunguu, simu ikalia mlio wa ujumbe. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikafungua akaunti yangu ya uhamiaji. Ndani mlikuwa na barua ya kurasa mbili, na kwenye ukurasa wa kwanza neno moja nililolisoma mara tatu kabla halijaniingia: maombi yangu ya kibali cha kazi yamekataliwa.

Sikukataliwa kwa sababu ya masomo, wala fedha, wala kosa la jinai. Nilichelewa siku nane. Siku nane ambazo sikujua hata kama zinahesabiwa.

Sasa nimerudi nyumbani Tanga, na kila ikifika Februari napigiwa simu na vijana wetu walioko kule wanaokaribia kumaliza masomo. Maswali yao ni yale yale niliyokuwa nayo, na makosa wanayoelekea kuyafanya ni yale yale niliyoyafanya. Nikaona niandike yote mahali pamoja: fedha zilizonitoka, aibu niliyoibeba, na mambo niliyoyajua nikiwa nimeshachelewa.

Nilifika Minneapolis Agosti 2021 kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Ada ililipwa na ufadhili, lakini chakula, kodi ya chumba na koti la baridi vilikuwa juu yangu. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, na wakati wa muhula hatakiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki. Wakati wa likizo anaweza kufanya kazi kutwa. Nje ya chuo haruhusiwi mpaka apate idhini. Nikapata kazi kwenye jiko la mgahawa wa chuo, naosha sufuria na kupanga trei kwa dola 15 kwa saa. Kazi ile sikuionea haya hata siku moja. Ndiyo iliyonipatia namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, nayo kule huombwa kila unapogeuka.

Kiangazi cha 2022, baada ya kumaliza mwaka mzima wa masomo, nilifanya mafunzo kazini nje ya chuo kwa miezi mitatu. Utaratibu wake unaitwa CPT. Ni mafunzo yaliyomo kwenye mtaala, na anayeyaidhinisha ni afisa wa wanafunzi wa kimataifa pale pale chuoni. Nilipeleka barua ya mwajiri na ya mwalimu wangu msimamizi, na baada ya siku chache nikapewa I-20 mpya. I-20 ndiyo hati ya chuo inayoonyesha kwamba wewe ni mwanafunzi halali. Kwenye ukurasa wa pili waliandika jina la mwajiri na tarehe za kuanza na kumaliza, basi. Hakuna ada ya serikali, hakuna kusubiri kadi. Siku iliyoandikwa ilipofika, nikaenda kazini. (Anayefuata njia hii aangalie jambo moja: ukifanya CPT ya kutwa kwa miezi 12 au zaidi, unapoteza haki ya OPT, ruhusa ya kazi nitakayoieleza hapa chini, kwa ngazi hiyo ya masomo. Miezi yangu mitatu haikunidhuru.)

Urahisi ule ndio ulionipoteza.

OPT ni ruhusa ya kufanya kazi kwa miezi 12 katika fani uliyosomea, na wengi wetu huitumia baada ya kuhitimu. Masomo yangu yalikuwa yanaisha 13 Mei 2023. Dirisha la maombi hufunguliwa siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza, kwangu 12 Februari, na hufungwa siku 60 baada yake, kwangu 12 Julai. Hiyo 12 Julai niliizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani, nikajiambia muda ninao tele.

Tarehe 2 Machi afisa wa chuo aliingiza pendekezo lake kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, akanipa I-20 mpya. Nikafungua ukurasa wa pili: OPT ipo, tarehe zipo. Ilifanana na ile ya CPT kama pacha. Nikaipiga picha nikamtumia mama. Akanijibu kwa sauti, "Alhamdulillahi mwanangu, kibali kimetoka." Sikumsahihisha, kwa sababu nami niliamini hivyo, au karibu na hivyo. Nilijua kuna fomu ya I-765, ya kuomba kibali cha kazi, ya kupeleka USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, lakini niliichukulia kama kukamilisha utaratibu tu.

Kumbe kwenye OPT chuo kinapendekeza, na anayetoa kibali ni USCIS, na kibali chenyewe ni kadi ya kazi wanayokutumia. Pendekezo la chuo nalo lina muda wake: maombi lazima yafike USCIS ndani ya siku 30 tangu afisa aliingize kwenye SEVIS. Siku hizo 30 zinakimbia kivyake, hazijali kwamba dirisha kubwa bado liko wazi miezi mitatu mbele. Zangu ziliisha 1 Aprili.

Mwezi ule wa Machi nilikuwa namalizia tasnifu na nilikuwa nakusanya dola 410 za ada ya maombi, leo 30, kesho 50, kutoka kwenye mshahara wa jikoni. Ramadhani ikaingia. Jumapili ya 9 Aprili, baada ya futari, nikakaa na kompyuta, nikajaza fomu mtandaoni, nikalipa, nikalala nimeridhika. Mfumo ulipokea fomu na ulipokea fedha. Hakuna kilichoniambia nimechelewa. Baadaye niliitafuta barua pepe ya afisa ya 2 Machi, nikakuta mstari wa nne umeandikwa kwa herufi nzito: siku 30. Siku ile macho yangu yalipita juu yake yakitafuta neno "hongera".

Mwanzoni mwa Mei nikapata kazi. Zahanati ya jamii, siitaji, ilinipa nafasi ya mratibu wa elimu ya afya, kuanza 5 Juni. Niliwaambia nasubiri kadi, wakasema watanivumilia hadi mwisho wa mwezi. Kazi ya jikoni niliiacha 13 Mei, kwa sababu masomo yakiisha na ruhusa ya kufanya kazi chuoni inaisha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo tangu katikati ya Mei sikuwa naingiza hata senti. Nilikuwa nakula akiba, na akiba yenyewe ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole.

Ndipo ikaja ile Ijumaa ya vitunguu.

Jumamosi na Jumapili ofisi zimefungwa. Jumatatu ilikuwa 19 Juni, Juneteenth, sikukuu ya taifa, ofisi zimefungwa. Siku tatu hizo nilikaa chumbani. Mama alipiga mara mbili, nikamwandikia kwamba mtandao ni mbovu. Nilimwambia uongo mama yangu mzazi kwa sababu ya barua ya kurasa mbili, na hilo lilinikera kuliko kukataliwa kwenyewe. Nilikuwa naishi na dada mmoja wa Kisii na wengine wawili kutoka Bujumbura, na wote walijua kuna jambo kwa kuwa nilikuwa sili. Sikuwaambia. Aibu ya msomi ni mbaya sana: unaona kila mtu atakuuliza, wewe na shahada zako mbili hukusoma barua?

Kosa hili la kunyamaza nalihesabu kubwa kuliko la kuchelewa. Jumanne asubuhi nilipofika kwa afisa wa chuo nikiwa nimeshika barua, alisoma, akaniangalia, akasema watu wanaofika mezani kwake na barua kama ile ni wengi. Kisha akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Ishirini. Akasema dirisha linafungwa 12 Julai, kwa hiyo bado tumo. Akafuta pendekezo la zamani, akaingiza jipya, akanichapia I-20 nyingine na kuniambia niitie sahihi pale pale mbele yake, maana I-20 isiyo na sahihi ya mwanafunzi nayo huleta matatizo. Ningekuwa nimejificha wiki nne badala ya siku tatu, mambo yangekuwa yamekwisha kabisa.

Nikapeleka maombi siku hiyo hiyo. Ada mara ya pili, dola 410. Ile ya kwanza hairudishwi. Halafu nikafanya uamuzi ulioniuma: nikalipia huduma ya haraka, dola 1,500, ambayo kwa maombi mapya ya OPT ilikuwa imeanza Aprili mwaka ule ule, na USCIS wakati ule iliahidi kuchukua hatua ndani ya siku 30. Jumla dola 1,910, zaidi ya shilingi milioni 4 na nusu kwa wakati ule. Fedha hizo sikuwa nazo. Zilitoka kwenye upatu. Tulikuwa wanawake kumi, dada yangu wa Kisii akiuita chama, na zamu yangu ilikuwa Oktoba. Nilipowaeleza hatimaye, usiku wa Jumanne ile, mwenye zamu ya Juni alisema, "Chukua wewe, mimi naweza kungoja." Alikuwa anasafisha ofisi usiku na kulea watoto watatu. Sijui nimlipe nini.

Kwa anayeomba sasa: tangu 1 Aprili 2024 ada ya I-765 ya wanafunzi ni dola 470 mtandaoni na 520 kwa karatasi, na huduma ya haraka nayo imepanda. Angalia kiasi kwenye tovuti ya USCIS yenyewe siku unayolipa. Usimwulize aliyelipa mwaka juzi, hata akiwa mimi.

Mara hii ya pili niliandaa nyaraka kama mtu anayefungasha mzigo wa kwenda Hija. Picha ya pasipoti ya inchi mbili kwa mbili niliyopiga siku hiyo hiyo, ukurasa wa pasipoti, rekodi ya I-94 ya kuingia nchini, I-20 mpya yenye sahihi mbili, na I-20 ya CPT. Majina niliyakagua herufi kwa herufi. Sisi Watanzania tuna jina letu, la baba na la babu, na kila ofisi huyapanga itakavyo: cheti cha chuo majina matatu, benki mawili. Mimi nilifuata pasipoti kila mahali, hata pale ambapo jina lilionekana geni kwangu mwenyewe.

Idi ya kuchinja, 28 Juni, niliisali nikiwa na simu mfukoni, naigusa kila baada ya rakaa. Jibu lilikuja Jumatatu ya 3 Julai: yamekubaliwa.

Zahanati ilikuwa imeshampa mtu mwingine ile nafasi, wiki moja kabla. Waliniandikia kwa upole. Ningetuma maombi Machi, kadi ingekuwa mkononi kabla ya 5 Juni. Jambo hili nimeligeuza kila upande na sioni pa kumlaumu mtu.

Kuhusu kadi yenyewe, nisikilizeni. Inakuja kwa posta kwenye anwani uliyoandika kwenye fomu, na barua za USCIS posta haizihamishii anwani mpya ukihama. Jengo letu lilikuwa na visanduku vya barua vya chuma pale mlangoni, na kwenye chetu lilibandikwa jina la dada wa Kisii peke yake. Yeye ndiye aliyestuka. Alisema wapo waliorudishiwa kadi kwa sababu mleta barua hakuona jina kwenye kisanduku. Tukakata kipande cha karatasi, tukaandika jina langu kwa kalamu nyeusi, tukalibandika na selotepu. Kadi ilifika 10 Julai katika bahasha nyeupe isiyo na mbwembwe yoyote. Ina picha yako na tarehe mbili. Yangu: kuanzia 12 Julai 2023 hadi 11 Julai 2024.

Tarehe ya kuanza unaichagua wewe, mradi iwe ndani ya siku 60 baada ya kumaliza masomo. Nilichagua ya mwisho kabisa, na katika mengi niliyokosea hili nililipatia. Kwa sababu tangu siku iliyoandikwa kwenye kadi unaanza kuhesabiwa siku za kukaa bila kazi, na kwa OPT ya kawaida hazitakiwi kuzidi 90. Si 90 mfululizo, ni jumla. Jumamosi inahesabiwa, Jumapili inahesabiwa, sikukuu inahesabiwa. Ukizimaliza, uhalali wako wa kukaa pale umeingia hatarini.

Nikachukua daftari la shule, nikaandika namba 1 hadi 90, na kila usiku kabla ya kulala nakata moja. Hesabu ile ilinikondesha. Ilipofika 20 nilikuwa nimetuma maombi ya kazi zaidi ya 60. Fomu nyingi zina maswali mawili: je, unaruhusiwa kufanya kazi Marekani? Jibu ni ndiyo, kadi ipo. La pili: je, sasa au baadaye utahitaji mwajiri akudhamini viza? Ukilijibu kweli, maombi mengi yanaishia hapo. Nililijibu kweli. Nikajifunza polepole kuachana na makampuni makubwa ambako kompyuta ndiyo inayochuja, nikaelekea kwenye mashirika madogo ambako barua yako inasomwa na mtu, na huyo mtu unaweza kumpigia simu.

Ilikuwa katikati ya siku hizo dada mmoja ninayemheshimu, si yule ninayeishi naye, alinipigia. "Mdogo wangu, utakufa na njaa huku una mikono? Chukua kadi yangu ya Social Security, ufanye zamu za usiku pale ninapotunza wazee. Tunagawana." Watu wetu wengi wameshinda maisha kwa kazi ya kutunza wazee, na kazi yenyewe ni ya heshima. Lakini haikuwa fani yangu, na jina halikuwa langu. Nilikwenda hadi pale ofisini. Nilipewa fomu ya I-9, ambayo kila mfanyakazi Marekani huijaza. Kisanduku cha kwanza kabisa kinasema: raia wa Marekani. Yule dada ni raia. Ili niwe yeye, ilibidi niweke alama pale.

Kalamu ilikuwa mkononi. Niliiweka mezani, nikasema nakwenda chooni, nikatoka nje nikapanda basi. Baadaye mwanasheria wa msaada wa kisheria wa chuo alinieleza nilichokiepuka: kujidai raia wa Marekani kwa uongo, hata kwenye fomu ya kazi tu, ni kosa linaloweza kukufungia mlango wa nchi ile maisha yako yote, na hata ukija kuolewa na raia halifutiki kirahisi. Simlaumu dada yule. Alikuwa anajaribu kunilisha. Ila naomba wote mnaosoma mjue uzito wa kile kisanduku kidogo.

Siku ya 50 na kitu nikarudi kwa afisa wa chuo, daftari mkononi. Akaliangalia, akaniuliza kwa nini sijajitolea mahali. Nilidhani kujitolea si kazi. Kumbe kwenye OPT ya kawaida, kazi ya kujitolea ya angalau saa 20 kwa wiki, katika fani yako, mahali ambapo kwa kawaida hupokea watu wa kujitolea, inasimamisha hesabu ya siku. (Kwenye nyongeza ya OPT ya waliosomea sayansi na teknolojia hairuhusiwi, pale lazima ulipwe.) Ningelijua hilo 12 Julai, nisingepoteza hata siku moja. Nikaanza Jumanne ya 5 Septemba kwenye shirika dogo linalohamasisha chanjo kwa familia za wakimbizi. Daftari langu lilisimama kwenye 55.

Wiki ya pili alikuja mama mmoja kutoka Kongo, ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na karatasi za chanjo za kambini zilizokunjwa mara nane. Muuguzi alikuwa amempigia mkalimani wa simu, na mkalimani alikuwa anaongea Kiswahili cha vitabuni ambacho yule mama hakukielewa. Akanigeukia, "Mama, huyu anasema nini? Mutoto wangu ameisha kudungwa hii." Nikachukua zile karatasi, tukazikunjua pamoja mezani, nikamsomea chanjo moja moja na tarehe yake. Zilikuwa tatu alizokwishapata, na muuguzi alikuwa anajiandaa kuzirudia. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni. Mwezi uliofuata walipata fedha za nafasi moja, na Jumatatu ya 16 Oktoba nikaanza kulipwa, dola 22 kwa saa. Miaka yote niliyokuwa nasafisha Kiingereza changu, nilichoajiriwa nacho ni Kiswahili.

Mambo mawili ya mwanzo wa kazi. Kwanza, kila badiliko la mwajiri au anwani linatakiwa kuripotiwa ndani ya siku 10 kwenye lango la mtandaoni la wanafunzi walio kwenye OPT. Mwajiri asiporipotiwa, mfumo unakuhesabu huna kazi hata kama unafanya kazi usiku na mchana. Kujitolea nako nilikuripoti. Na hakikisha barua pepe waliyonayo ni yako binafsi, si ya chuo itakayofungwa ukihitimu.

Pili, soma hati ya mshahara. Yangu ya kwanza ilikuwa ya saa 80, dola 1,760, na nilikuta makato mawili: dola 109.12 za Social Security na 25.52 za Medicare, bima ya afya ya wazee. Mwanafunzi wa F-1 ambaye bado ni mgeni kikodi, kwa kawaida katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda, hakatwi hayo mawili, hata akiwa kwenye OPT. Nilifika 2021, kwa hiyo 2023 ulikuwa mwaka wangu wa tatu. Mhasibu wetu hakuwa amewahi kuajiri mwanafunzi wa kigeni. Nikampelekea maelezo ya mamlaka ya kodi yaliyochapishwa, akasoma, akarekebisha, akanirudishia. Dola 134.64 kila wiki mbili si fedha ndogo. Mwajiri akigoma, ipo fomu 843 ya kudai serikalini, lakini huko ni mwendo mrefu.

Januari 2024 bibi yangu alifariki. Nilikuwa na kadi, nilikuwa na kazi, lakini viza iliyogongwa kwenye pasipoti ilikuwa imekwisha muda. Viza ni ya kuingilia. Ukishaingia unaweza kuendelea kukaa kihalali hata ikiisha. Lakini ningetoka, nisingeweza kurudi bila kwenda kuomba viza mpya ubalozini Dar es Salaam. Nikahesabu: wiki ngapi za kusubiri miadi, likizo ngapi ninazo, siku 35 zilizobaki kwenye daftari. Sikwenda. Nilisoma khitma na wenzangu kwenye sebule moja ya Brooklyn Park, mji jirani na Minneapolis. Hilo sina ushauri juu yake.

Limebaki jambo ambalo ningetamani mtu angenishika mkono na kuniambia Agosti 2021. Kwenye ukurasa wa kwanza wa I-20, karibu na jina la kozi, kuna namba yenye nukta. Yangu ilikuwa 51.2201, afya ya jamii kwa jumla. Mwenzangu kutoka Eldoret tuliyekaa naye benchi moja, tukafundishwa na walimu wale wale, alijiandikisha epidemiolojia, 26.1309. Namba yake imo kwenye orodha ya serikali ya fani za sayansi na teknolojia, yangu haimo. Kwa hiyo OPT yake ya miezi 12 iliongezwa 24 zaidi, mradi mwajiri awe amejiunga na E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa ya kazi, na wajaze pamoja mpango wa mafunzo wa I-983. Yeye miaka mitatu, mimi mmoja. Miaka mitatu ni nafasi tatu za kuingia kwenye bahati nasibu ya H-1B, viza ya kazi ya kudhaminiwa na mwajiri, ambayo ina nafasi 85,000 kwa mwaka, 20,000 kati yake zikiwa za wenye shahada za juu za vyuo vya Marekani. Shirika langu dogo halikuwa na uwezo wa kunidhamini hata mara moja. Muhula wa kwanza ningeweza kuomba kubadilisha mkondo, na tofauti ilikuwa kozi tatu za takwimu nilizoziogopa.

Kadi yangu iliisha 11 Julai 2024. Nilikuwa na siku 60 za kufungasha. Nilipanda ndege 2 Septemba, madeni ya upatu yameisha, na dola 1,300 benki.

Juzi amenipigia mdogo wetu mmoja wa Morogoro, anasoma Texas, anamaliza Mei. Alikuwa na furaha, anasema dada kila kitu kiko tayari, chuo kimeshanipa I-20 ya OPT, nasubiri tu mkopo wa ndugu nilipe ada. Nikamwuliza afisa aliiingiza kwenye mfumo tarehe gani. Akasema hakumbuki, ngoja nitafute kwenye begi. Nikasikia zipu ikifunguliwa, makaratasi yakigeuzwa. Nikavuta kalenda karibu, nikamsubiri.